Mbegu za Malenge, Sukari Nguru na Mdalasini

Mwezi wa kumi ukielekea ukingoni, mashamba ya Yamumbi, karibu na Eldoret, huwa yamebadilika sura. Mahindi yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu kama vibanda, na pale chini, palipokuwa na giza tangu mwezi wa sita, jua linapiga udongo tena. Ndipo malenge yanapoonekana. Yalikuwapo muda wote, yakitambaa katikati ya mistari ya mahindi bila mtu kuyajali. Sasa yamelala wazi, mengine ya kijivu, mengine rangi ya chungwa, mengine yana mabakabaka, na watoto hutumwa na toroli kuyakusanya kabla ng'ombe hawajafunguliwa kuingia shambani kula mabua.

Nyumbani kwetu Shosho, nyanya yangu, aliyapasua kwa panga, pigo moja, kisha akalizungusha boga mpaka liachane. Nyama ilikuwa ya kupondwa kuwa mukimo, au ya kuchemshwa na kunywewa chai asubuhi. Mbegu alizichota kwa mkono, na utelezi wake, akazitia kwenye karai la maji. Halafu alifanya jambo ambalo kwa miaka mingi sikulielewa. Kabla mtoto yeyote hajagusa, alizichambua. Zile nono, kutoka kwa boga lililomridhisha zaidi, alizianika kando, akazichanganya na jivu, akazifunga kwenye kitambaa na kuzining'iniza juu ya meko. Zilizobaki ndizo zilizokuwa zetu. Alizikaanga kwa chumvi kwenye sufuria kuukuu, nasi tukazitafuna na maganda yake tukielekea kuchota maji.

Siku hizi mbegu hizo hizo zinauzwa mjini Eldoret kwenye vipakiti, zikiwa zimepakwa sukari na viungo, na wanunuzi wengi wanaamini ni chakula kipya kilicholetwa na watu wa mazoezi na lishe. Sikubaliani nao hata kidogo. Kila kilichomo katika kipakiti hicho kimesafiri karne nyingi hadi kufika jikoni kwetu, na mikono iliyokifikisha ni ya watu kama Shosho.

Boga lenyewe kwao ni bara la Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata mbegu za maboga yaliyolimwa takriban miaka 10,000 iliyopita, kabla watu wa huko hawajaanza kulima mahindi wala maharagwe. Maboga mwitu yana nyama nyembamba na chungu isiyolika. Kwa hiyo kilichomvutia binadamu kwanza kilikuwa mbegu, na nyama tamu tunayoifurahia leo ilikuja baadaye, wakulima walipoendelea kuchagua mmea mmoja na kuuacha mwingine. Mexico hawajaisahau mbegu hiyo. Hadi leo wanauza palanqueta, vipande vya karanga au mbegu za maboga zilizoshikanishwa kwa sukari iliyochemshwa, na sukari yao ya miwa isiyosafishwa, piloncillo, ni ndugu wa sukari nguru yetu.

Afrika nayo haikungoja kufundishwa kutafuna mbegu. Tikiti maji ni letu. Kule Uan Muhuggiag, kusini mwa Libya, zilipatikana mbegu za tikiti zenye umri wa miaka 6,000 hivi, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa tunda lile lilikuwa chungu. Watu wale walilitaka kwa ajili ya mbegu. Kibuyu nacho, kile ambacho majirani zetu Wakalenjin hukiita sotet na kugandishia maziwa ya mursik, ni cha ukoo huo huo wa mimea itambaayo. Boga la ng'ambo lilipofika, akina mama wa Afrika walimtambua ndugu wa mimea waliyoizoea. Walijua lapandwa wapi, majani yake yapikwe vipi, na mbegu zake zifanywe nini.

Lilifika kwa bahari. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno wakakaa Pwani kwa karne mbili, na ujenzi wa Fort Jesus ukaanza mwaka 1593. Katika kipindi hicho cha merikebu za Wareno ndipo mahindi, mihogo, karanga na maboga vilipoingia katika mashamba ya Afrika Mashariki. Kutoka ufukweni mbegu haikuhitaji msafara wala mpagazi. Konzi moja hubebeka kwenye pindo la nguo, ikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, binti akaenda nayo alikoolewa. Ndiyo maana leo Mkisii ana risosa yake, Mjaluo ana budho, Mgikuyu ana marenge, na kila mmoja atakuapia kwamba mmea huu ni wa babu zake. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek, katika Song of Lawino ya mwaka 1966, aliuchukua mmea huu huu, kupitia methali ya Waacholi, kuwa alama ya mambo ya asili yasiyostahili kung'olewa. Mgeni aliyegeuka kuwa alama ya asili! Sijui mmea mwingine uliopokewa kwa heshima hiyo.

Utamu ulitoka Pwani. Mpishi wa Zanzibar, Mombasa au Lamu hapiki boga kwa chumvi tu. Hulitia tui la nazi, sukari na iliki, na mwezi wa Ramadhani huwa futari. Iliki ilitoka kusini mwa India, mdalasini Sri Lanka, na karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ilipandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19 ikastawi chini ya Sayyid Said mpaka visiwa hivyo vikajulikana duniani kote kwa harufu yake. Mikarafuu hiyo ilichumwa na watumwa, na historia ya viungo isiyolitaja hilo si historia kamili. Kashata ya karanga au ya nazi, yenye harufu ya iliki, ndiyo mama wa kila kitafunwa kitamu cha mbegu tulicho nacho.

Viungo hivyo vilipandaje hadi kwenye baridi ya Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari? Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika uwanda huu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee bado huuita mji wa Eldoret Sixty-Four. Reli ilifika mwaka 1924, na maduka ya Wahindi yakapata njia nyepesi ya kuleta mizigo. Kutoka maduka hayo chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na mdalasini ilienea nyumba kwa nyumba, hata leo ni vigumu kukuta kabati la jikoni Yamumbi lisilo na kikopo cha chai masala. Sukari nayo ilikuwa jirani: kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza mwaka 1922, cha Mumias kikaanza kusaga mwaka 1973, na kando ya viwanda vikubwa wasagaji wadogo wa Kakamega waliendelea kuchemsha maji ya miwa na kuyagandisha kuwa sukari nguru, ya kahawia, yenye harufu ya moshi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wananchi waliochanga fedha walianza kununua mashamba ya walowezi. Shosho na babu walifika Yamumbi katika wimbi hilo, mahali ambapo jina lenyewe linamtaja Mumbi, mama wa Wagikuyu. Alisema alikuja na jembe, sufuria mbili na mbegu zake kitambaani. Mwaka baada ya mwaka alipanda, akachambua, akafunga, na kila aliyeomba alipewa konzi. Mmoja wa walioomba alikuwa mama wa Kikalenjin aliyepakana nasi.

Kisha ikaja Januari 2008. Katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba za Yamumbi zilichomwa, na watu wetu wakakimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret, wakalala kwenye mahema miezi mingi. Shosho alitoka na kitambulisho na blanketi. Kitambaa cha mbegu kilibaki juu ya meko, na meko yakaungua pamoja na nyumba. Aliporudi, yule mama jirani alivuka uzio akiwa na konzi mbili za mbegu za malenge kwenye karatasi. Zilikuwa mbegu za Shosho, zilizokwisha kupandwa na kuvunwa kwa jirani misimu mingi. Hawakuongea sana siku ile. Malenge ninayokula leo yametoka kwenye karatasi hiyo.

Ndiyo maana niliumia nilipoielewa sheria ya mbegu ilivyorekebishwa mwaka 2012. Kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kulifanywa kosa lenye adhabu ya hadi kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Nakubali kwamba mkulima anahitaji kulindwa dhidi ya mbegu feki, na hapa Bonde la Ufa kila mtu anajua hasara ya kupanda pakiti isiyoota. Lakini konzi ya jirani si biashara ya ulaghai. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Siku hiyo nilimkumbuka mama yule na karatasi yake.

Sasa turudi jikoni, maana mbegu hizi zina adabu zake. Ukishazichota, zisugue ndani ya maji mpaka nyuzi zote zitoke, kisha zianike kwenye ungo siku mbili. Usiharakishe. Mbegu yenye unyevu hupikika kwa mvuke badala ya kukauka, ikawa kama ngozi mdomoni. Tia sufuria pana juu ya makaa yaliyotulia, bila mafuta, na mwiko usipumzike. Baada ya dakika kadhaa mbegu ya kwanza itadunda kwa mlio mdogo, halafu nyingine, halafu zitakuwa kama mvua inayoanza kwenye mabati. Zikigeuka rangi ya majani makavu, zimimine kando. Katika sufuria hiyo hiyo weka vijiko viwili vya sukari nguru iliyoparuzwa kwa kisu kwa kila kikombe cha mbegu, kijiko cha maji na chumvi kidogo. Sukari ikiyeyuka na kutoa mapovu mazito, rudisha mbegu, koroga haraka mpaka zing'ae, epua, ndipo unyunyize mdalasini au chai masala. Mara ya kwanza mimi nilitia mdalasini mapema ukaungua, sukari ikawa nyeusi, na sufuria nzima ikaishia kwenye shimo la taka. Viungo vingojee moto utoke. Zimwage kwenye sinia, zitenganishe kwa uma zikiwa bado moto, kwani zikipoa zimeshikana kama kashata.

Kuhusu afya, wazee hawakukosea walipowapa watoto mbegu za malenge kama dawa ya minyoo. Hata kitabu rasmi cha dawa cha Marekani kiliziorodhesha kwa kazi hiyo kuanzia mwaka 1863 hadi 1936, ingawa leo mtoto mwenye minyoo apelekwe zahanati. Gramu 100 za kiini kikavu zina takriban gramu 30 za protini na miligramu 590 za magnesiamu, pamoja na madini ya zinki. Zina mafuta pia, karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo konzi moja yatosha, na sukari iwe ya kupaka tu. Ganda la mbegu zetu ni gumu, lakini hutafunika likikaangwa vizuri. Zile za kijani laini za supamaketi ama zimemenywa, ama zimetokana na boga lisilo na ganda gumu, aina iliyojitokeza yenyewe katika jimbo la Styria huko Austria zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni nzuri, ila kwangu hazina ule mlio wa meno.

Msimu huu tulipasua maboga sita. Binti yangu alikaa na karai mapajani, akichagua, na akataka kujua kwa nini nazitenga zile nono wakati ndizo zenye kiini kikubwa na ndizo tamu zaidi. Sikuwa na meko wala moshi wa kumwonyesha, tunapikia gesi na jiko la makaa la nje. Nilimpa kopo la Kimbo lenye jivu, nikamwambia azichanganye mwenyewe, na ahesabu tatu za ziada kwa kila shimo, maana jirani ameshaomba.