Mnyaa, Mpungate na Tiba ya Kisu Mjini Bujumbura

Historia ya kaktasi za majumbani Bujumbura huanza na mmea usio kaktasi, kwa sababu kaktasi karibu zote zina asili ya Amerika, ilhali Burundi ilikuwa tangu zamani na mmea wake mnene, mnyaa, ambao wataalamu huuita Euphorbia tirucalli. Mnyaa ulipandwa kuzunguka rugo, yaani boma la familia, ukawa ua ulio hai ambao mifugo huuepuka kwa sababu ya utomvu wake mweupe, unaochoma ngozi na kuweza kupofusha macho.

Bujumbura, iliyotokana na kituo cha kijeshi cha Wajerumani cha mwaka 1897, ilitwaliwa na Wabelgiji mwaka 1916, na jina lake la awali, Usumbura, likaachwa baada ya uhuru wa 1962. Katika mji wa viwanja vidogo, hasa mitaa kama Buyenzi inayozungumza Kiswahili, kaktasi iliweza kukaa ndani ya kopo, na humo ndimo maradhi yake mengi huanzia. Kaktasi hufungua vinyweleo vyake usiku ili isipoteze maji mchana, kwa hiyo huvumilia kiangazi cha Juni hadi Agosti kuliko masika, wakati udongo mzito hukosa hewa, mizizi ikafa na kuvu wakaingia.

Utambuzi wa maradhi haya una mtego, kwani shina hunywea kwa kiu na pia kwa kuoza mizizi, na mtunzaji asiyejua huzidisha maji palepale yanapodhuru. Afadhali mmea ung'olewe: mizizi hai huwa imara, iliyooza huwa ya kahawia na kuteleza. Shina hukatwa kwa kisu safi, juu ya sehemu iliyoharibika, mpaka nyama isibaki na doa la kahawia. Kipandikizi huachwa kivulini siku kadhaa ili jeraha likauke, kisha hupandwa katika mchanga mkavu na kutomwagiwa maji mpaka kitoe mizizi. Kisu hichohicho huonyesha tofauti kati ya kaktasi na mnyaa: kinachotiririsha maziwa kwa kawaida ni cha ukoo wa mnyaa, na mikono ioshwe mara moja.

Pamba nyeupe kwenye mpungate, yaani kaktasi yenye mashina bapa, huhitaji jaribio jingine: ikipondwa ikitoa rangi nyekundu, ni kochinili, mdudu wa jamii ambayo wenyeji wa Mexico waliichuma kwa ajili ya kutia nguo rangi, na ambaye jamaa yake huko Laikipia, Kenya, aliachiwa makusudi mwaka 2014 ili aue mpungate ulioteka malisho. Isipotoa rangi, yaelekea ni vidung'ata wa kawaida, ambao katika mmea mmoja wa kopo huondolewa kwa pamba iliyochovywa spiriti, kazi ya subira inayorudiwa kila wiki mpaka mayai yaishe.