Rehani kwa Kihispania

Mwaka 1939 watumishi wa serikali ya Marekani waliipaka ramani ya Los Angeles rangi nne. Kijani ilikuwa mitaa bora, bluu mitaa ya kuridhisha, njano mitaa inayoshuka thamani, na nyekundu mitaa ya hatari kwa mkopeshaji. Boyle Heights, mashariki ya mto, ulipakwa nyekundu. Humo waliishi Wameksiko, Wayahudi, Wajapani na Warusi. Kwa wakadiriaji wa Home Owners' Loan Corporation, mchanganyiko huo ulihesabiwa kasoro ya nyumba, sawa na ufa ukutani.

Miaka hiyohiyo mkopo wa nyumba ulikuwa ukibadilika. Zamani mnunuzi alitakiwa kuwa na karibu nusu ya bei mkononi, kisha amalize deni ndani ya miaka michache. Sheria ya 1934 iliunda Federal Housing Administration, yaani FHA, iliyozipa benki bima: ukikopesha hadi asilimia 80 ya thamani kwa miaka 20, mkopaji akishindwa, hasara hailali kwako. Ghafla fundi wa kiwandani aliweza kumiliki nyumba. Lakini mwongozo wa FHA uliwaelekeza wakadiriaji watazame asili ya majirani, na ulipendekeza hati za nyumba ziwe na masharti ya kuwazuia watu wa asili fulani wasiingie mtaani.

Alex Bernal, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, alikutana na sharti la aina hiyo mwaka 1943. Alinunua nyumba Fullerton, kusini-mashariki ya Los Angeles, na majirani wakamshtaki wakitaka yeye na familia yake watolewe. Wakili David Marcus alimtetea, na jaji akampa Bernal haki. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua, mwaka 1948, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya ubaguzi kama hayo.

Kushinda kesi ni jambo moja, kupata mkopo ni jingine. Sheria ya 1968 ilikataza ubaguzi katika uuzaji wa nyumba na mikopo yake. Ya 1977 ilizitaka benki zihudumie mitaa yote zinakochukua akiba, ya maskini ikiwemo. Wengine hawakungoja. Romana Acosta Bañuelos alizaliwa Arizona, na akiwa mtoto alipelekwa Meksiko pamoja na wazazi wake wakati Wameksiko walipokuwa wakifukuzwa katika miaka ya 1930. Alirudi akiwa kijana, akaanzisha kiwanda cha chapati za mahindi, na katika miaka ya 1960 akashirikiana na wenzake kufungua benki East Los Angeles kwa ajili ya watu wa jamii yake. Mwaka 1971 aliteuliwa kuwa Mweka Hazina wa Marekani, na saini yake ikachapishwa kwenye noti za dola.

Hapo ndipo inapoanza historia ya kazi isiyosimuliwa sana: afisa mikopo anayezungumza Kihispania. Ugumu wa kazi yake uko kwenye makaratasi. Mteja wake hulipwa taslimu kwa kupaka rangi nyumba za watu au kupika mgahawani. Nyumba moja ina watu wanne wenye kipato, na jina la mmoja tu ndilo litakaloonekana kwenye fomu. Akiba imewekwa kwenye tanda, mchezo ambao wewe unaujua kwa jina la upatu. Mama aliyecheza upatu miaka kumi bila kukosa zamu hata moja ana nidhamu ya fedha, ila kompyuta ya benki haimjui kijumbe. Kazi ya afisa ni kuitafsiri nidhamu hiyo iwe ushahidi: risiti za kodi, bili za umeme, barua ya mwajiri, marejesho ya kodi ya mapato. Tangu 1996 hata asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kupewa namba ya mlipakodi, na baadhi ya wakopeshaji huikubali.

Lugha iliyofungua mlango huo ilitumika pia kuingiza mzigo mbovu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikopo isiyodai uthibitisho wa kipato ilienea, nayo ilimfaa mno mtu asiye na makaratasi. Riba ilikuwa ndogo kwa miaka miwili, kisha ikapanda. Madalali wengi walilipwa zaidi kila walipomuuzia mteja riba kubwa kuliko aliyostahili. Mteja alimwamini mtu aliyemwita paisano, ndugu wa nchi moja, kisha akasaini kurasa za Kiingereza. Mwaka 2011 kampuni ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria kwamba iliwatoza Walatino na Wamarekani weusi zaidi ya 200,000 gharama za juu kuliko wateja weupe wa hali sawa ya mkopo.

Mwaka 2007 karibu nusu ya kaya za Walatino zilimiliki nyumba. Kufikia 2015 zilikuwa takriban asilimia 46. Sheria ya 2010 ilipiga marufuku kumlipa afisa kulingana na ukubwa wa riba, na ikamlazimu mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mkopaji anaweza kulipa. Tangu 2021 Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, huhesabu kodi ya nyumba iliyolipwa kwa wakati kama ushahidi wa uaminifu.

Umiliki umerudi karibu na nusu, ilhali kwa Wazungu ni takriban robo tatu. Pengo hilo halizibwi na lugha pekee, kwa sababu afisa mwema na yule wa 2006 walisema Kihispania kilekile. Tofauti yao ilikuwa katika kila mmoja alivyolipwa, na katika kama mteja alisomewa ukurasa wa riba kabla ya kukabidhiwa kalamu.