Kichwa cha Besi

Miongoni mwa mabaki ya biashara ya kale visiwani petu ni neno merikani. Nguo hiyo ya pamba isiyotiwa rangi ilifumwa Massachusetts, ikapakiwa merikebuni Salem. Na kutoka Salem hiyo hiyo akaja Unguja, mwaka 1837, Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Zilikwenda pembe na sandarusi, ikaja nguo. Habari za bahari yao hazikuja. Mimi nimezipata kwa mlango wa uani, yaani kwa maneno.

Roger Williams, mhubiri wa Kiingereza aliyeishi jirani na Wanarragansett, alichapisha London mwaka 1643 kitabu cha kuieleza lugha yao. Nilikuwa nikikipitia polepole, kama afanyavyo mtu aliyejifunza bila ya mwalimu, nikafika mlango wa samaki. Besi ameandikiwa jina missuckeke. Hapo hapo pana neno la pekee la kichwa chake, uppaquontup, na maelezo kwamba wenyeji, na Waingereza pia, walikihesabu kichwa hicho kitoweo cha anasa kwa ubongo na mafuta yake. Nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu. Kumbe ugomvi wa kichwa cha changu hauko kwetu tu!

Besi huyu mwenye milia huzaliwa katika maji matamu ya mito, hasa ile inayomwagika katika ghuba ya Chesapeake, kisha akaishi baharini. Majira ya baridi hukaa kusini. Joto likianza kurejea hupanda na pwani kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa Aprili na katika Mei huwasili visiwa vya kusini mwa Massachusetts, akiwafuata heringi, jamaa wa dagaa wetu, wanaoingia vijitoni kutaga. Wa mwanzo kufika aghalabu ni wadogo. Mama wakubwa huchelewa kwa sababu bado wamo mitoni na mayai yao. Hata hivyo wavuvi hutoka usiku, baridi ikiwauma vidole, wakasimama penye midomo ya vijito maji yakitoka kwa nguvu ya bamvua. Akinaswa mmoja humulikwa taa kutazamwa kama ana chawa wa bahari mwilini, maana hiyo ni alama kwamba ndiyo kwanza afike. Aliyewahi kukaa ufukweni akingoja kusi kali itulie hahitaji kuelezwa hamu hiyo.

Walowezi walimkuta besi tele hata wakamfukia mashambani kuwa mbolea. Mwaka 1639 baraza la koloni la Massachusetts lilipiga marufuku kutumia besi na chewa wa baridi kwa kazi hiyo. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth likaamua mapato ya uvuvi wa besi na samaki wengine wa Cape Cod yaendeshe skuli isiyo na malipo. Samaki akawa karo!

Lililonikaa moyoni zaidi ni la Cuttyhunk, kisiwa kidogo ambapo mwaka 1864 matajiri waliunda chama cha kuvua besi kwa mshipi. Walijengewa majukwaa ya mbao juu ya miamba, wakayapigia kura nani asimame wapi. Vijana waliajiriwa kumwaga chambo majini na kuwatilia waungwana ndoanani, na chambo chenyewe mara nyingi kilikuwa mkia wa kambakoche. Kambakoche, chakula cha harusi, kutupiwa samaki! Katika niliyoyasoma waungwana wanatajwa kwa majina na kwa ratili za samaki wao. Majina ya vijana hao sikuyaona. Karne ilipokwisha samaki walikuwa wameadimika na majukwaa yakaachwa kwa mawimbi, ingawa mwaka 1913 Charles Church alivua karibu na hapo besi wa ratili 73, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 60.

Balaa kubwa likaja baadaye. Baina ya 1973 na 1983 mavuno ya biashara katika pwani ya Atlantiki yalianguka kwa zaidi ya robo tatu. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1984. Maryland, penye mazalio makuu, ikafunga uvuvi wa besi kabisa tangu 1985 hadi 1990. Mvuvi wa huko alikaa miaka mitano akimtazama samaki asiyeruhusiwa kumgusa. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba besi amerejea. Uchunguzi wa 2019 ukaonyesha amepungua tena, na mwaka 2023 wavuvi wa burudani baharini wakawekewa mpaka: wachukue mmoja kwa siku, asipungue sentimita 71 wala asizidi 79.

Kwa hiyo wale wa mwanzo wa msimu, wadogo, karibu wote hurudishwa majini. Mtu huganda usiku kucha kwa samaki asiyemla. Mwanzoni nililiona hilo ni kuchezea riziki, na sehemu ya nafsi yangu bado inaliona hivyo. Lakini siwezi tena kulisema bila ya kuikumbuka ile miaka mitano.

Wawampanoag wa Aquinnah, majirani wa Cuttyhunk kwa bahari, wapo mpaka leo. Nami katika tafsiri yangu nimekwama pale pale. Kiswahili changu hakina neno moja la kichwa cha samaki. Uppaquontup nimeliacha lilivyo.