Darubini ya Dallas



Zamani nilikuwa mmoja wa wale wanaomaliza ubishi wa barazani kwa sentensi moja: bunduki ya Oswald ilikuwa na darubini mbovu, basi si yeye aliyemuua Kennedy. Leo naomba niirudie sentensi hiyo, maana nusu yake ni kweli, na nusu ya pili haitokani na ile ya kwanza.

Rais John F. Kennedy aliuawa kwa risasi mjini Dallas, Marekani, tarehe 22 Novemba 1963, miezi minne tu baada ya Mwalimu Nyerere kuwa mgeni wake Washington. Siku hiyohiyo polisi walikuta bunduki imefichwa kati ya maboksi, ghorofa ya sita ya ghala la vitabu. Ilikuwa Mannlicher-Carcano ya Kiitaliano, ya mwaka 1940, imefungwa darubini ndogo ya Kijapani inayokuza mara 4. Vyote viwili viliagizwa kwa posta kwa dola 21 na senti 45, gharama za kusafirisha zikiwemo.

Darubini ya bunduki hurekebishwa kwa skrubu mbili. Moja hupandisha na kushusha, nyingine hupeleka kushoto na kulia. Mtu hufyatua, huangalia risasi ilipopiga, kisha huzungusha skrubu mpaka alama ya msalaba ndani ya kioo ikutane na tundu la risasi. Lakini skrubu ina kikomo. Darubini ikifungwa upande, au bomba lake likipinda, skrubu hufika mwisho kabla kazi haijaisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 27 Novemba wataalamu wa FBI waliifyatua kwa umbali wa yadi 15. Risasi zilikusanyika pamoja, ila zilipiga juu ya shabaha na kulia kidogo. Hapo fundi huelewa mara moja: mtutu ni mzima, tatizo liko kwenye kulenga. Machi 1964 mtaalamu Robert Frazier na wenzake walijaribu kuirekebisha. Skrubu ya kushusha iliishia njiani. Wakigusa ya upande mmoja, risasi zilihama na upande wa pili pia. Jeshi nalo, katika majaribio yake, lililazimika kuchomeka vipande viwili vyembamba vya chuma chini ya darubini ndipo ikalengeka.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Kasoro ipo, wala si uzushi. Swali ambalo sisi wa barazani hatukuuliza ni hili: ilianza lini?

Bunduki ile ilisukumwa kati ya maboksi kwa haraka. Ikasafirishwa Washington, ikarudishwa Dallas, ikapelekwa tena Washington, yote kabla ya majaribio ya tarehe 27. Frazier mwenyewe aliiambia Tume ya Jaji Mkuu Earl Warren kwamba hajui kasoro ilitokea wakati gani. Tena bunduki ilikuwa bado na vilengeo vyake vya kawaida vya chuma juu ya mtutu, na shabaha haikuwa mbali zaidi ya meta 81 hivi. Anayejua kulenga angeweza kuiacha darubini kabisa.

Sisemi kwamba Tume, iliyomtaja Oswald peke yake katika taarifa yake ya Septemba 1964, haikosei. Nasema darubini hii haimtii Oswald hatiani wala haimwokoi. Inashuhudia hali yake siku iliyopimwa, basi.

Mahakama ndiyo ingeuliza swali hilo na kumbana kila shahidi. Lakini Oswald naye aliuawa tarehe 24 Novemba akiwa mikononi mwa polisi, na kesi haikusikilizwa. Aliyempiga risasi alitufungia mlango wa kujua, na baraza likabaki na ubishi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukionyeshwa kitu kibovu na kuambiwa huu ndio ushahidi, usiulize tu kama ni kibovu. Uliza kiliharibika lini, na kimepita mikononi mwa nani.