Mtu ni Afya: Kabla ya simu kulikuwa na redio

Wadau, siku hizi ukitaja presha au kisukari, mtu atakuambia kuna mafunzo ya simuni ya kujihudumia mwenyewe. Wazo si baya. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Kate Lorig na wenzake waliandaa mafunzo ya wiki 6 kwa wenye maradhi sugu, baadaye wakayaingiza kwenye intaneti. Waongozaji ni wagonjwa wenzao. Lakini nasi tuna historia yetu, tuisome kwanza.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Nadhani kilichosukuma watu ni kujua kwamba wiki ijayo utakutana na wenzako, nao watauliza umefikia wapi.

Ila choo unachimba mara moja. Dawa ya presha ni kila siku. Kwa hilo twendeni Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, kwenye ugonjwa wa vikope unaopofusha watu. Uso wa mtoto ukiunawisha leo, kesho unaanza upya, tena kwenye nchi kame. Watafiti waligawa dawa ya macho katika vijiji kadhaa; katika baadhi yake wakaongeza mikutano ya wanakijiji kuhusu kunawisha watoto nyuso. Matokeo yakachapishwa mwaka 1995: penye mikutano, vikope vikali vilipungua zaidi. Si kila mtoto aliendelea kuwa safi, lakini tofauti ilionekana.

Tatizo la presha ni kwamba haiumi. Mtu anajisikia mzima, anaacha vidonge, kisha kiharusi kinamwangusha. Simu itamkumbusha, naye ataufuta ujumbe. Jirani wa kikundi chake je, atamfuta?

Kwa hiyo mafunzo ya simuni yaanzie zahanati: muuguzi amwandikishe mgonjwa, ampe kikundi cha kukutana nacho siku ya kliniki, na simu ifanye kazi iliyofanywa na redio mwaka 1973. Bila kikundi na zahanati, tutakuwa tumenunua redio tukasahau choo.

Mnasemaje wadau?