Mkasi Uliowacheka Marais

Tarehe 9 Novemba 1917, wakazi wa Buenos Aires waliingia ukumbini kumtazama rais wao akipaa mbinguni. Hipólito Yrigoyen alikuwa na mwaka mmoja tu madarakani, na alikuwa ameahidi kuufagia ufisadi wote. Katika filamu ya El Apóstol, yaani Mtume, anapanda mpaka kwenye makao ya miungu ya kale, anaazima radi za Jupita, kisha anazirusha juu ya mji wake ili autakase kwa moto. Filamu ilichukua kama dakika 70, na ndiyo inayohesabiwa kuwa katuni ndefu ya kwanza duniani.

Mtengenezaji wake, Quirino Cristiani, alikuwa kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Italia aliyepelekwa Argentina akiwa mtoto mdogo. Kumchora rais upya kwa kila picha kungemmalizia ujana. Badala yake alimkata kwenye kadibodi: kichwa peke yake, mkono peke yake, paja peke yake, kisha akaviunga vipande hivyo ili vikunjike kwenye viungo. Unausogeza mkono kidogo, kamera inapiga picha moja. Unausogeza tena, inapiga ya pili. Mwaka huohuo Cristiani aliikatia hataza njia yake hiyo.

Ninamtaja yeye kwanza kwa sababu kila programu ya kompyuta inayotengeneza katuni za kejeli za vipande leo inafanya kazi ileile aliyoifanya kwa mkasi. Na sababu ya kuifanya haijabadilika pia. Kejeli ya siasa haina muda wa kusubiri. Msanii akikaa miaka miwili na katuni ya waziri, huenda waziri mwenyewe akawa amekwisha kuondoka. Cristiani alikuja kuyaona hayo kwa macho yake. Alipokuwa akitengeneza filamu nyingine ya kumkejeli Yrigoyen, Peludópolis, jeshi lilimpindua rais huyo mnamo Septemba 1930. Ikambidi aibadilishe hadithi kazi ikiwa imeshika kasi, na filamu ikatoka Septemba 1931, wakati mtu iliyemlenga si mtawala tena.

Nusu karne baada ya El Apóstol, mkasi ulikuwa London. Terry Gilliam, Mmarekani aliyekuwa katika kundi la Monty Python, alianza mwaka 1969 kuijazia BBC vipande vya katuni kwa bei nafuu na kwa haraka. Hakuhitaji hata kuchora sana. Alikata picha za zamani za watu wenye masharubu na kofia ndefu, akawatenganisha taya na fuvu, akawafanya waseme upuuzi. Ule mguu mkubwa unaoshuka na kukanyaga kila kitu aliutoa kwenye mchoro wa Bronzino, Mwitalia wa karne ya 16. Gilliam amesimulia kwamba wazo la ufundi huu alilipata kwa Stan VanDerBeek, Mmarekani aliyekuwa amemwonyesha Richard Nixon akijaribu kuzungumza huku ameweka mguu wake mwenyewe mdomoni. Kwa hiyo hata pale chimbuko lilikuwa mwanasiasa na picha yake.

Katika picha iliyokatwa mtazamaji anauona uso wa kweli wa kiongozi, uleule unaotundikwa ofisini, ukifunguka mdomo kama kisanduku. Mchoro wa mkono, hata ukiwa mzuri vipi, hauna ukali huo. Gado, mchora katuni mzaliwa wa Tanzania, aliyeanzisha The XYZ Show nchini Kenya mwaka 2009, alichagua vikaragosi vya mpira, na kazi ile ni kubwa. Lakini kikaragosi cha mpira kinataka wafinyanzi, waongozaji wa mikono na studio. Kipande cha picha kinataka mtu mmoja na meza.

Kuingia kwenye intaneti kulitaka kitu kingine tena: wepesi wa faili. Katikati ya miaka ya 1990 modemu za simu zilikuwa zikivuta data kwa kudondoa, na video ya dakika moja ilikuwa mzigo usiobebeka. Mwaka 1996 Jonathan Gay na wenzake walitoa programu iitwayo FutureSplash Animator. Kampuni ya Macromedia iliinunua na kuiita Flash. Programu hiyo haikuhifadhi picha kwa nukta moja moja. Ilihifadhi maelezo ya mistari na rangi, na kompyuta ya mtazamaji ndiyo iliyochora. Zaidi ya hapo, kitu ulichokichora mara moja ulikitumia mara mia bila faili kunenepa. Mkono wa rais ulihifadhiwa mara moja tu, na baada ya hapo programu iliandika tu mahali ulipo na pembe yake. Fundi aliweka mkono chini kwenye fremu ya kwanza, akauweka juu kwenye fremu ya ishirini, na programu ikajaza zilizo katikati. Kadibodi ya Cristiani ilikuwa imepata mashine yake.

Mwaka 1999 ndugu wawili, Gregg na Evan Spiridellis, walifungua kampuni ya JibJab huko Brooklyn, New York. Julai 2004, Marekani ikiwa katika kampeni za urais, walitoa katuni fupi ya Flash iliyomwonyesha George W. Bush na John Kerry wakitukanana kwa wimbo. Vichwa vilikuwa picha halisi na taya zilizokatwa, viwiliwili vimechorwa na kuungwa chini yake. Katuni ilizunguka dunia kwa barua pepe, mtu akimtumia mwenzake, kabla YouTube haijazaliwa.

Muziki ndio uliowaletea kesi. Waliazima wimbo maarufu wa Woody Guthrie, na kampuni iliyodai hakimiliki, Ludlow Music, ikatishia kuwashtaki. Shirika la kutetea haki za mtandaoni, Electronic Frontier Foundation, lilisimama upande wa ndugu hao, na katika kuchimbua kumbukumbu likaeleza kwamba wimbo ulikuwa umechapishwa mwaka 1945 na hakimiliki yake haikuhuishwa, hivyo ilikwisha mwaka 1973. Agosti shauri likamalizwa kwa mapatano, na katuni ikaendelea kuonyeshwa. Kijana anayetaka kufanya kejeli ya wimbo leo angefaa aisome kesi hiyo kabla ya kufungua programu yoyote.

Siku hizi wengi wanatumia After Effects, programu ya kampuni ya Adobe, ambayo tangu 2007 ina kifaa cha kuchoma pini juu ya picha: unachoma begani, kiwikoni na kiganjani, kisha unavuta pini moja na mkono unakunjika. Mwaka 2015 Adobe ilitoa Character Animator. Hapo msanii anapanga uso kwa tabaka, nyusi tabaka lake, macho lake, na midomo kadhaa kwa sauti tofauti. Kisha anakaa mbele ya kamera ya kompyuta na kusema. Akiinua nyusi, kikaragosi kinainua. Kwa njia hiyo Homer Simpson, mhusika wa katuni ya televisheni, alijibu maswali ya watazamaji moja kwa moja hewani Mei 2016. Pengo kati ya habari na kicheko, lililomkosesha Cristiani rais wake, limezibika.

Kuhifadhi ndiko kulikoshindikana. El Apóstol haipo. Moto wa mwaka 1926 katika studio ya Federico Valle, aliyeigharimia, uliteketeza filamu. Filamu iliyofuata ya Cristiani, Sin dejar rastros ya 1918, ilitwaliwa na serikali na haikuonekana tena. Na katuni za Flash nazo zilikaribia kwenda njia hiyo: Adobe, iliyokuwa imeichukua Flash kutoka Macromedia, iliacha kuihudumia programu ya kuzionyesha tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 ilizuia faili zake zisifunguke. Kazi za maelfu ya wasanii zikawa giza kwenye vivinjari. Zilizookoka, nyingi zimeokolewa na watu wa kujitolea waliotengeneza Ruffle, programu inayoiga Flash, ambayo maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza kuitumia Novemba 2020.

Kama uliwahi kutengeneza katuni ya Flash, au unaye ndugu aliyetengeneza, tafuta leo kompyuta ile ya zamani, CD ile iliyo kabatini. Tafuta faili zinazoishia na herufi swf na fla, zinakili mahali pawili, kisha andika jina la msanii na mwaka.