Rangi ya malori ilivyomfunga muuaji wa Green River

Machi 2003, waendesha mashtaka wa King County, jimbo la Washington nchini Marekani, walimwongezea Gary Ridgway mashtaka matatu ya mauaji. Yale manne ya awali yaliegemea zaidi vinasaba. Haya mapya yaliegemea rangi.

Jalada lake lilikuwa limekaa zaidi ya miaka 20. Julai 1982 mwili wa msichana ulionekana katika mto Green, kusini mwa Seattle. Miili mingine ikafuata mwaka baada ya mwaka, mingi ikiwa ya wasichana na wanawake vijana. Polisi walimshuku Ridgway mapema. Mwaka 1987 waliipekua nyumba yake na kuchukua sampuli ya mate yake, lakini hawakupata cha kumfikisha mahakamani. Akaendelea na kazi yake ya siku zote, kupuliza rangi malori katika kiwanda cha Kenworth. Novemba 30, 2001, vipimo vipya vya vinasaba vikiwa vimemnasa, alikamatwa akitoka kazini.

Vinasaba, hata hivyo, viligusa vifo vichache tu. Kwa vingine, wapelelezi walirudi ghalani kwenye nguo zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1980, wakazikabidhi kwa Skip Palenik, mtaalamu wa hadubini mwenye maabara huko Illinois.

Fundi anapopuliza rangi, si yote inayofika kwenye bodi ya gari. Matone mengine hukaukia hewani yakiwa bado ya mviringo, kisha hutua kwenye nywele, viatu na nguo zake. Ni madogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo hata akijikung'uta vipi, huondoka nayo hadi kwenye gari lake, nyumbani kwake na kwa yeyote anayemgusa. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alikwisha kufundisha kwamba wawili wakigusana, kila mmoja humwachia mwenzake alama.

Vijitufe hivyo vya rangi ndivyo Palenik alivyoviona kwenye vielelezo. Lakini kuviona hakukutosha, maana rangi mbili zinazofanana machoni zaweza kuwa za viwanda tofauti kabisa. Hapo ndipo kemia ilipoingia. Miale ya infraredi ikipita katika chembe ya rangi, kila aina ya kiungo kati ya atomu hufyonza sehemu yake ya miale hiyo, na kipimo huchora mstari wa vilele na mabonde. Mchoro wa chembe isiyojulikana huwekwa kando ya mchoro wa rangi inayojulikana, kilele kwa kilele. Majibu yalionyesha poliurethani ya aina ya Imron, iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont na kutumika Kenworth miaka ile.

Rangi haitaji jina la mtu. Ridgway hakuwa fundi pekee aliyeishika Imron, na chembe zile peke yake zisingetosha kumtia hatiani. Uzito wake ulitokana na kukutana kwa mambo: rangi ileile katika vielelezo vya marehemu watatu, na mshukiwa ambaye kazi yake ilikuwa kuipuliza, tena akiwa tayari amefungwa na vinasaba katika vifo vingine.

Miezi michache baadaye Ridgway aliingia makubaliano ya kukiri makosa ili aepuke adhabu ya kifo. Novemba 5, 2003, alikiri mbele ya mahakama kuua wanawake 48, na Desemba akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sifa nyingi zimekwenda kwa maabara, na inastahili. Lakini hadubini isingekuwa na cha kutazama kama mtunza ghala angezitupa nguo zile kwa sababu kesi imepoa. Jeshi la polisi linalotaka kunufaika na sayansi ya kesho lianze kwa kutunza vizuri vielelezo vya leo.